Mugonjwa wetu yuko wapi saa hii?

UKURASA WA USALAMA NA AFYA



Mara nyingi katika ukurasa huu tumewaambia: vaa kofia, funga viatu, usipite chini ya muzigo unaoninginia. Leo hatutasema juu ya kofia. Tutasema juu ya saa zinazokuja nyuma ya ajali, wakati mutu amekwisha kutolewa mugodini, ambulansi imekwisha kufika hospitali, na kila mutu anapumua akisema: «Sasa ameokoka.»

Je, ameokoka kweli? Mimi nasema: bado. Mutu anaweza kutoka shimoni akiwa muzima, kisha akapotea ndani ya hospitali, katikati ya waganga.

Usicheke. Nitakueleza jambo nililoliona mwenyewe.

MUTU CHINI YA MWEMBE

Miaka iliyopita, mwenzetu mumoja wa kazi ya baruti alirudi mapema mahali pa kupasulia, wakati moshi haujaisha. Moshi ule ulikuwa na rangi ya machungwa. Alikohoa kidogo, akacheka, akasema si kitu. Kapita wake alimulazimisha kwenda hospitali, na kapita yule alifanya vizuri.

Hospitali ile sitaitaja jina, kwa sababu hospitali nyingi zinafanana nayo katika jambo hili. Mwenzetu alifika kwa miguu yake. Infirmie akamutazama: anatembea, anaongea, hana damu. Akamupa kikaratasi aende radio kupigwa picha ya kifua, kisha arudi. Mbele ya mulango wa radio watu walikuwa wengi. Wakamuambia angoje. Akangoja. Joto likamuzidi, akatoka inje akalala chini ya mwembe, nyuma ya nyumba ile.

Saa kumi waganga wa muchana wakabadilishana na wale wa usiku. Aliyetoka alijua kwamba kuna mutu amekwenda radio. Aliyeingia hakujua. Watu wa radio walifikiri kwamba amerudi kwa wagonjwa wa haraka. Watu wa wagonjwa wa haraka walifikiri kwamba yuko radio. Kila upande ulikuwa na amani, kwa sababu kila upande ulifikiri kwamba mutu yuko kwa mwenzake.

Mangaribi bibi yake akafika na chakula. Akauliza mulangoni:

– Dokta, bwana yangu iko wapi?

– Iko ku radio, mama.

– Nimetoka kule, dokta. Haiko.

– Basi amerudia ku nyumba.

Mama yule hakukubali. Akazunguka hospitali nzima, sufuria ya bukari mukononi, akiita jina la bwana yake. Yeye ndiye aliyemuona chini ya mwembe, midomo imegeuka rangi ya majivu, pumzi fupi fupi kama mutu aliyekimbia mulima. Wakamubeba mbio, wakamutia oksijeni. Alipona. Lakini dokta alituambia wazi kwamba kama angelala pale mupaka usiku, tungemuchukua katika sanduku.

Fundi wa baruti wanajua sababu, lakini wengine wasikie pia. Moshi wa rangi ya machungwa nyuma ya kupasua ndio hewa inayoitwa dioksidi ya nitrojeni. Hewa hii ina udanganyifu mukubwa. Mutu anaivuta, anakohoa, kisha anajisikia vizuri. Saa nyingi zinapita, na gafula mapafu yanajaa maji. Mutu wa namna hii akifika hospitali akitembea, si mutu wa kuachwa peke yake. Ni mutu wa kutazamwa tena na tena, hata usiku kucha. Na utamutazama namna gani, kama hujui mahali alipo?

Sasa sikilizeni vizuri. Siku ile hakuna mutu aliyekuwa muvivu. Hakuna aliyekuwa mubaya. Infirmie alifanya kazi yake, radio walifanya kazi yao. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: hakuna aliyeweza kujibu ulizo hili dogo, «Mugonjwa wetu yuko wapi saa hii?»

SISI WA MUGODI TUNAJUA JAMBO HILI TANGU ZAMANI

Muzee aliyefanya kazi chini ya udongo hahitaji kufundishwa. Katika migodi ya chini, mutu hashuki bila kupita nyumba ya taa. Anaacha jetoni yake yenye namba, anapewa taa. Jetoni inaninginia ubaoni. Akipanda, anarudisha taa, anachukua jetoni. Kazi ikiisha, mulinzi wa taa anatazama ubao. Kama jetoni moja inabaki pale, hakuna kusema «labda amekwenda nyumbani». Mutu huyo anatafutwa mupaka aonekane.

Ubao ule ulikuwa kitu cha musumari na bati tu. Lakini ulibeba fikira kubwa: kila mutu ana mahali pake, na mahali pake panajulikana.

Upungufu wake ni huu: ubao unasema kwamba mutu yuko chini, lakini hausemi yuko upande gani. Tarehe 2 Januari 2006, katika mugodi wa makaa wa Sago, jimbo la West Virginia huko Marekani, mulipuko ulifungia watu 13 chini. Majina yao yalijulikana. Mahali walipo hapakujulikana. Waokoaji waliwafikia nyuma ya saa zaidi ya 40, na mumoja tu alikuwa muzima. Tena, kwa sababu habari zilipita midomo mingi, jamaa waliambiwa kwanza kwamba watu 12 wako wazima. Watu wakaimba, kengele za kanisa zikalia. Karibu saa tatu nzima zilipita mbele ya kuambiwa kweli: 12 ndio wamekufa, na muzima ni mumoja. Fikiri wewe mama unayesoma: ungekuwa pale, ungesema nini?

Nyuma ya ajali ile, mwaka ule ule wa 2006, Marekani ilitunga sheria ya kulazimisha migodi ya makaa ya chini ya udongo kuwa na chombo cha umeme kinachoweza kuonyesha watu wako wapi chini, na chombo cha kusema nao bila waya. Kwa Chile pia, watu 33 wa mugodi wa San José walifungiwa tarehe 5 Agosti 2010, na siku 17 zilipita mbele ya waokoaji kujua kwamba wako hai. Sonda zilitoboa jiwe mara nyingi kwa kuwatafuta. Wote 33 walitolewa wazima mwezi wa Oktoba. Tunashukuru. Lakini siku 17 za kutokujua ni nyingi sana kwa mama na kwa mutoto.

Basi, tumejifunza kuwafuata watu chini ya jiwe. Kwa nini tushindwe kuwafuata juu, penye jua, katika nyumba yenye madirisha?

KITAMBULISHO KINACHOSEMA «NIKO HAPA»

Siku hizi kuna hospitali zinazofanya hivyo kwa mashine. Nieleze kidogo namna inavyofanya kazi, kusudi mutu asidanganyike.

Mugonjwa akifika, anafungwa mukononi kitambulisho kidogo, si kikubwa kuliko saa. Ndani muna betri na namba. Kila mara kinatuma namba yake kwa njia ya hewa. Juu ya dari za vyumba kuna vipokeaji vinavyoisikia, na kompyuta inaandika: namba hii iko katika chumba hiki tangu saa hii. Katika chumba cha waganga kuna kioo kikubwa kama televisheni. Pale wanaona wagonjwa wote: huyu yuko radio tangu dakika 20, huyu anangoja labo, huyu ametoka mulangoni.

Vyombo si vya namna moja. Vingine vinatumia mawimbi ya radio. Hayo yanapita ukuta, kwa hiyo mashine inaweza kukosa na kusema kwamba mutu yuko chumba cha jirani. Vingine vinatumia nuru isiyoonekana kwa macho, ile ya kifaa cha kubadilisha televisheni. Hiyo haipiti ukuta, na kwa hiyo inajua chumba vizuri zaidi, lakini ukiifunika kwa blanketi inanyamaza. Ile ya satelaiti inayoongoza magari haifai hapa, kwa sababu chini ya paa inasikika vibaya, na chini ya udongo haisikiki kabisa.

Mukumbuke vizuri: kitambulisho hakijui ugonjwa. Hakijui maumivu. Kinajua mahali na saa tu. Mugonjwa akitoka hospitali, anakirudisha kama taa ya mugodi, kinasafishwa kwa dawa, kinafungwa kwa mwingine.

Hii si ndoto. Huko Rochester, katika jimbo la Minnesota, hospitali ya Saint Marys ya Mayo Clinic imetumia vitambulisho vya namna hii katika chumba cha wagonjwa wa haraka. Huko Wolverhampton, katika nchi ya Uingereza, hospitali ya New Cross imevitumia kwa wagonjwa, kwa waganga na hata kwa vyombo, kwa sababu pampu ya dawa nayo inapotea, na infirmie anayetafuta pampu hatazami mugonjwa.

HESABU YA VITANDA

Mutu atasema: «Sawa, tunajua mahali alipo. Je, hiyo itamuponya?» Hapana. Lakini fanya hesabu pamoja nami.

Mwaka 1961, mwalimu mumoja Mumarekani, John Little, alihakikisha kwa hesabu jambo ambalo hata mwenye duka anaweza kulifahamu: hesabu ya watu walio ndani inatokana na wangapi wanaingia kila saa, mara saa ambazo kila mumoja anakaa. Sema wagonjwa 6 wanaingia kila saa, na kila mumoja anakaa saa 4. Ndani mutakuwa na watu 24. Kama vitanda ni 20, watu 4 wako barazani au chini. Sasa punguza saa moja tu: kila mumoja akae saa 3. Ndani ni watu 18. Vitanda vinatosha, na viwili viko wazi kwa mutu wetu anayefika na ambulansi.

Hukujenga nyumba. Hukununua kitanda. Umeondoa tu saa moja ya kungoja bure.

Na saa hiyo ya kungoja bure iko wapi? Hapa ndipo kuna faida kubwa ya kufuata wagonjwa. Sisi tunaosimama mulangoni tunafikiri kwamba ubaya uko mulangoni: infirmie wa mapokezi ni mupole, dokta amechelewa. Lakini hospitali zilizopima saa zimeona mara nyingi jambo lingine. Mugonjwa amekwisha kuonwa, dawa imekwisha kuanza, dokta amekwisha kuandika kwamba alazwe. Lakini hapandi, kwa sababu kitanda cha juu hakijawa wazi. Na kitanda hakijawa wazi kwa sababu aliyepona asubui angali anangoja karatasi ya kutoka, au shuka hazijabadilishwa, au amekwisha kuondoka lakini hakuna aliyesema. Maji yamejaa jikoni kwa sababu bomba la inje limezibwa. Ukimugombeza aliye jikoni, maji hayatashuka.

Bila kupima, kila mutu anamushitaki mwenzake. Ukipima, unaona mahali penye kuzibwa.

LAKINI MASHINE PEKE YAKE HAITOSHI

Sasa nitasema wazi mawazo yangu, hata kama wengine hawatayapenda.

Neno la kwanza: mashine haizai kitanda, haizai muganga. Uingereza iliweka sharti kwamba tangu mwaka 2004 karibu wagonjwa wote wa haraka wamalize saa 4 bila kupita, yaani watibiwe na kwenda nyumbani, au walazwe. Ni nchi yenye kompyuta nyingi. Na hata hivyo, katika miaka hii ya mwisho, hospitali nyingi kule zimeshindwa kutimiza sharti lile, kwa sababu vitanda na watu havitoshi. Kwa hiyo mutu asituuzie kioo kwa kusema kwamba kitaponya wagonjwa. Kioo kinaonyesha; mukono ndio unaotenda. Taa inayowaka juu ya kioo, na hakuna mutu anayesimama kwenda, ni taa ya bure.

Neno la pili: bei. Vipokeaji, waya, betri, fundi wa kutengeneza, vyote vinataka feza kila mwaka. Na kwetu umeme unakatika. Hospitali inayotegemea kioo tu, siku umeme unapokatika inakuwa kipofu kuliko mbele. Kwa hiyo nasema: tuanze na ubao. Ndiyo, ubao! Ule ubao wetu wa taa. Ubao mukubwa katika chumba cha haraka. Kila mugonjwa ana kipande chake chenye namba, rangi ya ukali wa ugonjwa, na saa ya kufika. Akipelekwa radio, kipande chake kinahamishwa mupaka mustari wa radio, na saa inaandikwa. Akirudi, kinarudishwa. Hospitali isiyoweza kutunza ubao wa musumari haitaweza kutunza mashine. Lakini hospitali inayotunza ubao vizuri, hiyo ndiyo inastahili mashine, na hapo mashine itaisaidia sana, kwa sababu mutu anasahau kuhamisha kipande, na kitambulisho hakisahau.

Rangi pia si kitu cha kubuni. Kuna namna iliyotengenezwa Afrika ya Kusini katika miaka ya 2000, na inatumika katika nchi nyingi za Afrika. Nyekundu: mutu huyu aonwe mara moja. Machungwa: asipite dakika 10. Manjano: asipite saa 1. Kijani: asipite saa 4. Lakini rangi si cheo cha kudumu. Mwenzetu wa chini ya mwembe alikuwa kijani saa nane ya muchana, na nyekundu saa kumi na mbili ya mangaribi. Rangi ilibadilika, na hakuna aliyekuwa pale kuiona.

Neno la tatu ni neno ambalo watumishi wa hospitali wanalisema kwa sauti ya chini: «Munataka kutufunga kitambulisho kwa kutupeleleza. Mutajua nimekwenda chooni dakika ngapi.» Sitawacheka. Woga huu una sababu. Hata chini mugodini, vijana wengine wameuliza vile. Mimi nasema hivi: kitambulisho kimufuate mugonjwa, kisimuwinde mutumishi. Kama hospitali inataka waganga nao wavae, basi iandikwe mbele ya wote, pamoja na wajumbe wa wafanyakazi, kwamba namba hizo ni za kuonyesha mahali kazi inapozibwa, na hazitapunguza mushahara wa mutu. Mutu anayeogopa kitambulisho atakiacha katika sanduku la meza, na kioo kitasema uongo. Kioo cha uongo ni kibaya kuliko kukosa kioo. Watu wa Sago wametufundisha bei ya habari ya uongo.

Na mugonjwa vilevile ana heshima yake. Juu ya kioo kinachoonekana na wapitaji, iandikwe namba, si jina na ugonjwa. Jirani yako hana haki ya kusoma kule kwamba umelazwa kwa sababu gani.

TUFANYE NINI, KUANZIA LEO?

Wakubwa wa hospitali, tunawaomba mambo matatu ambayo hayahitaji feza nyingi:

1. Ubao wa wagonjwa wa haraka, na mutu mumoja katika kila zamu mwenye kazi ya kuutunza. Jina lake lijulikane. Kazi ya watu wote ni kazi isiyo na mutu.

2. Wakati wa kubadilishana zamu, anayetoka na anayeingia wapite pamoja kitanda kwa kitanda, ubao mukononi. Kila kipande cha ubao kipate mutu wake. Kipande kisicho na mutu, mutu huyo atafutwe mara moja, kama jetoni inayobaki nyumba ya taa.

3. Mugonjwa aliyevuta moshi, aliyegongwa kichwa, au aliyebanwa tumbo, asitumwe peke yake na kikaratasi, hata kama anatembea. Apelekwe, na arudishwe.

Hayo yakizoelewa, basi tuombe mashine, tena tuiombe kwa nguvu. Kampuni inayojua magari yake ya mugodi yako wapi kila dakika, inaweza pia kujua watu wake wagonjwa wako wapi.

Wewe kapita, ukimutuma mutu hospitali, usimutume na mudomo mutupu. Andika juu ya karatasi: saa ya ajali, alivuta nini, aligongwa wapi, alifanyiwa nini pale pale. Mutume na mwenzake. Na mbele ya kwenda nyumbani, uliza hospitali habari zake. Wewe ulimushusha, kazi yako haijaisha mupaka ujue alipo.

Wewe mugonjwa, usitoke mahali ulipowekwa bila kusema. Ukishindwa na joto, ukienda chooni, uambie mutu. Kitambulisho au karatasi waliyokufunga mukononi, usikivue kwa kuwa kinakuchokoza. Ile si pingu. Ni sauti yako wakati huwezi kuita.

Na wewe mama, ukifika hospitali na ukaambiwa «yuko kule», usiweke sufuria chini mupaka umuone kwa macho. Uliza kwa heshima, lakini uliza mara ya pili na ya tatu. Kukiwa ubao, omba wakuonyeshe kipande cha namba yake. Hutakuwa unasumbua. Utakuwa unafanya kazi ya usalama, sawa na mulinzi wa taa.

Yule mwenzetu wa baruti alirudi kazini nyuma ya muda mrefu. Tulimupokea kwa furaha. Akatuambia kwamba chini ya mwembe alisikia sauti ya bibi yake ikimuita kwa mbali, lakini hakuwa na pumzi ya kujibu. Mimi sijasahau neno lile. Mugonjwa mukali hawezi kusema «niko hapa». Lazima sisi tuwe tumekwisha kujua.

Kwa hiyo, siku utakaposindikiza mutu hospitali, mbele ya kuuliza dokta jina la ugonjwa, mbele ya kuuliza dawa, uliza kwanza: mugonjwa wetu yuko wapi saa hii? Na usikubali jibu la «labda».

USALAMA HAUISHI MULANGONI PA MUGODI. UNAISHA MUTU ANAPORUDI KWAKE.